Taa ya Njano

Asubuhi ile ya Februari 2022 ukungu ulikuwa bado haujapanda, na Katandala nzima ilinuka moshi wa kuni na udongo uliolowa. Sumbawanga iko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na anayekuja kwetu kutoka Dar es Salaam na kishati chepesi hujuta siku ya kwanza. Nilikuwa nimejikunyata juu ya tairi bovu, kikombe cha chai mkononi, nikingoja vidole vipate moto ndipo nishike spana. Mara Probox nyeupe ikaingia kibandani kwetu.

Niliijua kwa mlio kabla sijaiona namba. Moyo ukafanya paa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Taa yako imerudi."

Taa yako. Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayekurudishia mwavuli uliousahau kwake. Nyuma ya usukani alikaa dereva ambaye sikumfahamu, kijana wa kofia, anatafuna muwa.

Ndugu msomaji, huenda hujawahi kuwa na gari, na mimi pia sina. Basi nikueleze. Kwenye dashibodi ya magari ya siku hizi kuna kitaa cha njano chenye mchoro wa injini. Kikiwaka, ujue kompyuta ya gari imeona jambo ambalo halijaipendeza. Ni jambo gani, haisemi. Ni kama mtoto mchanga anayelia: ana njaa, ana homa, au amebanwa na nguo, kilio ni kile kile. Unachomeka kimashine chini ya usukani, nacho kinakupa herufi moja na tarakimu nne. Kijiweni kwetu tunaita "kupiga dayagnosisi", na mwenye kimashine huogopwa kidogo, kama mganga. Ndivyo ulivyo mji wetu, hata jina lake wengi hulifasiri kuwa ni "tupa uchawi".

Mwenye kimashine pale kibandani nilikuwa mimi. Mjomba, ambaye ndiye bosi na ndiye aliyenifundisha kazi, hakutaka kukishika. Alisema macho yake hayapatani na vioo vidogo. Kwa hiyo mimi, kijana wa miaka 23, nikawa daktari wa Katandala.

Probox ile ilikuwa imeachwa na marehemu mume wa mama. Ilibeba abiria kati ya mjini na Muze, kule chini kwenye Bonde la Ziwa Rukwa. Dereva wake wa kwanza alikuwa mshikaji wangu, tumekaa dawati moja shule ya msingi, tumeibiana kalamu na kupigana na kupatana. Kila jioni alipeleka hesabu kwa mama, na hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa inamsomesha binti wa mama kidato cha tano.

Mama ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Ana daftari. Kila lita ya petroli imeandikwa humo, kila safari, kila tairi lililozibwa pancha. Januari daftari likaanza kusema kwamba gari linakunywa. Si sana: kama lita moja kwa siku kupita kawaida, siku nyingine lita na ushee. Kisha taa ya njano ikawaka, mshikaji wangu akaniletea gari, nikachomeka kimashine changu.

P0135.

Maana ya msimbo huo ni hitilafu katika saketi ya hita ya sensa ya oksijeni. Naomba uisome sentensi hiyo tena, kwa sababu kosa langu lote limo ndani yake. Mimi niliona neno "sensa" nikalirukia. Neno "saketi" nikalipita kama mtu anavyompita ombaomba.

Nikamwambia mama sensa imekufa. Akatuma shilingi 90,000 Mbeya, ikaja sensa ya mtumba kwa basi, nikaifunga kwa dakika ishirini, nikaufuta msimbo, taa ikazima. Nikajiona bingwa. Nilinunua hata soda.

Wiki ile ile mafuta yakapungua tena, na taa haijawaka. Mama akaja kwa miguu, daftari kwapani, akaniuliza swali moja tu.

"Gari ni zima?"

"Zima kabisa, mama."

Akaitikia kwa kichwa akaenda zake. Jioni ile mshikaji wangu alinyang'anywa ufunguo. Hesabu yenyewe ni ya darasa la pili: kama gari ni zima na mafuta yanapungua, basi mafuta yana mwizi.

Hakuja kunilaumu. Alikuja kuniaga, anakwenda Tunduma kutafuta kibarua mpakani. Akaniuliza, "Na wewe unaamini nilikuwa nanyonya mafuta?"

Nikamjibu, "Sijui, kaka. Mashine imesema gari zima."

Mashine haikusema hivyo. Mashine haikusema lolote. Niliyesema ni mimi.

Sasa taa imerudi, na dereva ni mwingine. Unaelewa kwa nini moyo ulifanya paa.

Yule kijana wa kofia alitema kapi la muwa akasema, "Si mng'oe tu hiyo balbu, fundi? Mbona wengi wanang'oa." Ni kweli, wengi wanang'oa. Wengine wanabandika tepu nyeusi juu ya taa. Gari linatembea, mwenye gari anashukuru, fundi anapata hela ya ugali. Mama hakumjibu. Alikaa kwenye benchi, akafungua daftari juu ya magoti, akaningoja.

Kabla sijaendelea, nieleze hicho kidude chenyewe, maana mafundi wengi tunadhani ni anasa ya Wajapani.

Sensa ya oksijeni ni kitu kama plagi, kimefungwa kwenye bomba la ekzosi, na kazi yake ni kuonja moshi. Petroli inataka hewa kwa kipimo: kwa uzito, sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli. Hewa ikizidi, oksijeni inabaki kwenye moshi. Mafuta yakizidi, oksijeni inakwisha na petroli nyingine inatoka haijaungua. Ndani ya sensa kuna kauri ya zirkonia. Upande wake mmoja unaguswa na moshi, upande wa pili unaguswa na hewa ya nje, na tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili inazaa umeme mdogo mno. Mafuta yakizidi inatoa kama volti 0.9, hewa ikizidi kama 0.1. Kompyuta inasoma namba hizo na kupunguza au kuongeza mafuta bila kuchoka. Bosch ya Ujerumani ndiyo iliyoitengeneza kwa ajili ya magari, na mwaka 1976 Volvo ikawa ya kwanza kuifunga, kwenye magari yaliyopelekwa Marekani, ambako sheria za moshi zilikuwa zimekaza.

Kasoro ya kauri hiyo ni moja. Ikiwa baridi, imelala. Inataka joto la nyuzi 300 hivi na kuendelea. Ndiyo maana wameiwekea hita ndani, ifanye kazi kama pasi. Hita isipopata umeme, sensa inabaki kungoja moshi uipashe. Gari likisimama muda mrefu linaunguruma pasipo kwenda, moshi unapoa na sensa inasinzia, kompyuta inakosa habari, nayo inamimina mafuta kwa kukadiria. Sasa ifikirie Probox ya Muze: inangoja abiria kwenye baridi yetu huku injini inawaka, inapanda na kushuka Lyamba lya Mfipa, inasimama kila penye mkono ulioinuliwa. Lita moja kwa siku inatokea hapo hapo, haihitaji mwizi.

Tena hewa yetu ya huku juu ni nyepesi. Kwenye mita 1,800 hewa imepungua kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini ya Sumbawanga inahitaji mwonjaji wa moshi anayekaa macho.

Nikiyawaza haya nawakumbuka wazee wetu wa Ufipa. Kabla ya majembe ya dukani, chuma cha huku kiliyeyushwa kwenye malungu, matanuri ya udongo yenye urefu wa kama mita tatu, marefu kuliko mtu. Hayakuvuviwa kwa mivukuto. Yalivuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini, na kile chuma kilipotoka kikaenda kusafishwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, ambalo ndilo lenye mivukuto. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Kitanzania, aliandika tasnifu yake mwaka 1995 juu ya uhunzi wa huku kusini magharibi, na mabaki ya matanuri hayo yapo Nkasi hadi leo. Mwendesha ilungu alikuwa na swali lile lile la kompyuta ya Toyota: hewa imetosha? Hakuwa na waya wala volti. Alikuwa na macho yake na moto, na hakuweza kumtupia lawama mtu wa Mbeya.

Turudi kibandani.

Mjomba ana msemo wake: "Ile namba ya mashine ni jina la mtaa. Nyumba utaitafuta kwa miguu." Safari hii nikaamua kutembea.

Injini ikapoa. Nikaingia chini, nikachomoa soketi ya sensa. Ina nyaya nne. Kwenye sensa za aina ile nyeusi mbili ni za hita, ya bluu inapeleka habari kwenye kompyuta, nyeupe ni ethi yake. Nikaweka mita kwenye nyeusi mbili: omu 13. Toyota nyingi zinataka kati ya 11 na 16 sensa ikiwa baridi. Hita ni nzima.

Hapo nikasita. Nikatoka, nikaenda kwenye pipa la vyuma chakavu nyuma ya kibanda, nikafukua mpaka nikaipata ile sensa ya zamani, ile niliyoihukumu kufa mwezi uliopita. Nikaifuta matope, nikaipima.

Omu 13.4.

Ilikuwa nzima. Shilingi 90,000 za mama zilinunua kitu alichokuwa nacho tayari. Niliirudisha kwenye pipa taratibu, kana kwamba ingepiga kelele.

Nikaendelea. Fyuzi nzima. Nikawasha swichi, nikaenda kwenye soketi ya upande wa gari, nikagusa waya unaoleta umeme wa hita: volti 12.3. Umeme upo. Basi sensa nzima, fyuzi nzima, umeme upo, ubaya uko wapi? Hapa ndipo mafundi tunapochemsha. Hapa ndipo mtu anapomwambia mwenye gari kwamba kompyuta imekufa, tafuta laki tano. Neno hilo lilinifika kwenye ulimi, sitaficha.

Mjomba alikuwa anafunga boliti za Noah pembeni. Hakuinua kichwa. Akaniuliza, "Umeupa kazi?"

"Nini?"

"Huo umeme. Umeupa kazi, au umeutazama tu?"

Nikaelewa, nikaona haya. Mita inachukua umeme kidogo mno, karibu na bure. Waya uliokatika nyuzi zote ukabakiwa na unywele mmoja utakuonyesha volti 12 kwenye mita, safi kabisa. Ni kama mpira wa maji uliokanyagwa na gari. Ukiziba mdomo wake kwa kidole, presha utaisikia ile ile. Achia kidole, uone kama ndoo itajaa.

Nikachukua balbu ya taa ndogo, wati 5, nikaifunga nyaya mbili. Kwanza nikaijaribu kwenye betri: ikawaka kama jua. Kisha ncha moja kwenye bodi, nyingine kwenye ule waya wa hita. Giza. Haikuwaka hata wekundu. Na mita, iliyokuwa ikijisifu 12.3, ikaporomoka hadi volti 1 na kitu.

Basi, yule ndiye mwizi wa mafuta. Yuko ndani ya waya, mahali fulani kati ya fyuzi na soketi.

Nilipiga hesabu kwenye kipande cha boksi. Hita ya omu 13 kwenye volti 12 inataka kama ampea 0.9 inapoanza. Toyota nyingi za aina hii zinalalamika mkondo ukishuka chini ya ampea 0.2. Tena hazilalamiki mara moja: zinangoja kosa lionekane safari mbili mfululizo ndipo ziwashe taa. Nikaelewa ile wiki. Nilipokuwa nafunga sensa mpya niliuvuta waya, ukagusana kidogo. Siku moja unashika, siku inayofuata umeachia, kesho yake umeshika tena. Mafuta yanapotea, taa imenyamaza, na mimi nasimama mbele ya mwalimu wa hesabu nasema zima kabisa.

Nikatandika boksi, nikaingia chini tena na tochi mdomoni. Matope ya Bonde la Rukwa yalinidondokea shingoni. Nikaufuata waya kwa vidole, inchi kwa inchi, kutoka soketi kupanda kandokando ya giaboksi. Mahali fulani, karibu na bomba la ekzosi, waya ukanenepa. Tepu nyeusi.

Mimi ni wa mkono wa kushoto. Nikizungusha tepu, inazunguka kinyume na ya kila mtu pale kibandani. Mjomba hunitania kwamba kazi yangu inajulikana hata gizani. Niliigusa ile tepu na kidole gumba, nikaufuata mzunguko wake, na kabla sijaimulika vizuri nikajua ni mkono wa nani.

Ilikuwa Agosti 2021, Ijumaa jioni. Tulikuwa tumelehemu bomba la ekzosi la Probox ile na cheche zikaunguza waya. Mshikaji wangu alikuwa na abiria wanamngoja. Nilikata sehemu iliyoungua, nikasokota ncha kwa vidole, nikafunga tepu. Bila solda, bila chochote cha kuzuia maji. Yeye mwenyewe alinishikia tochi.

"Itadumu?" aliniuliza.

"Mpaka uzee," nikamjibu.

Agosti ni kiangazi kwetu, kila kitu kinadumu. Mvua zilipoanza Novemba, maji na matope yakaingia ndani ya tepu na kukaa humo. Niliifungua pale chini. Shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Katika nyuzi zote zilizosokotwa, zilizokuwa bado zinashikana zilikuwa mbili, labda tatu. Nilipozigusa zikakatika.

Nilikaa chini ya gari lile muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Niliona miguu ya mama, viatu vyeusi vilivyopigwa rangi, vimetulia. Hakuna aliyekuwa ananiona. Ningeweza kukikata kile kipande, kukizika kwenye matope, kuunga waya mpya, kisha nitoke nikisema, mama, panya wametafuna waya. Panya wa Katandala wamesingiziwa mengi, hili lisingewaongezea sifa. Mama angelipa, angeshukuru, na mshikaji wangu angebaki Tunduma na jina lake la mwizi.

Nilishasema neno moja la uongo juu ya gari lile, na wakati huo sikujua kuwa ni uongo. La pili ningelijua.

Nikatoka na waya mkononi.

"Mama, tatizo ni hili."

Akavaa miwani. Akakiangalia kile kipande, akakigeuza. "Huu unga ni nini?"

"Kutu ya shaba. Waya uliungwa vibaya, maji yakaingia."

"Nani aliuunga?"

"Mimi, mama. Agosti."

Sauti ya spana ya mjomba ikakoma.

"Na ile sensa niliyonunua?"

"Haikuhitajika. Ya zamani ilikuwa nzima, nimeipima sasa hivi."

Akanyamaza. Akafungua daftari, akarudi kurasa za Januari, akapitisha kidole kwenye safu ya lita. Alipofika mwisho wa mwezi, kidole kikasimama. Nilijua kimesimama kwenye jina la nani.

"Na yule kijana?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Nikaangalia mikono yangu.

"Nimefundisha hesabu miaka mingi," akasema polepole. "Mtoto akiniletea jibu bila njia, nilikuwa namwandikia sifuri hata kama jibu ni sahihi. Wewe uliniletea jibu, mwanangu. Njia sikuiona. Na mimi, mtu mzima, nikalipokea." Akafunga daftari. "Sifuri yako, na yangu."

Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Kazi yenyewe baada ya hapo ni fupi. Nilikata waya pande zote mbili mpaka nikafika kwenye shaba inayong'aa, nikaunga kipande kipya cha unene ule ule, nikachoma solda, nikavisha mpira ule unaosinyaa kwa moto, nikaufunga waya juu, mbali na ekzosi. Kabla ya kuchomeka sensa nilirudisha ile balbu ya wati 5. Ikawaka nyeupe. Ndipo nikachomeka, nikaufuta msimbo, nikawasha injini, na baada ya muda mfupi volti za sensa zikaanza kucheza kwenye kimashine: 0.1, 0.8, 0.2, 0.7, zinapanda na kushuka kama mtu anayepumua. Nikamwambia mama asinilipe, na asiniamini pia, mpaka gari limalize siku tatu na daftari liseme.

Siku ya nne alikuja. Lita ilikuwa imerudi mahali pake.

Zile 90,000 nilizilipa kwa miezi mitatu. Mjomba alizikata kwenye posho yangu bila kusema neno, isipokuwa siku ya mwisho aliposema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akaendelea na kazi yake.

Deni la pili halikatwi kwenye posho. Usiku ule ule nilimpigia mshikaji wangu. Nikamweleza kila kitu, hita, balbu, unga wa kijani, tepu iliyozunguka kinyume. Alinyamaza mpaka nikadhani vocha imekwisha.

"Nilikushikia tochi," akasema.

"Ndiyo."

"Nikakuuliza kama itadumu."

"Uliniuliza."

Kwa mbali nilisikia malori yanapiga honi, foleni ya mpakani. Nikamwambia mama anataka arudi, amenituma niseme hivyo, na atakuja mwenyewe kwa wazazi wake kuomba radhi. Na kweli alikwenda, nilimwona akipita na kanga yake nzuri na mfuko wa sukari. Mshikaji wangu akasema, "Mwambie nimeshukuru." Hakurudi. Sasa anaendesha lori la mtu Tunduma. Akija kuwaona wazee wake hunipitia kibandani, tunakunywa chai, tunaongea mpira na maisha. Lile hatuligusi. Bado natembea naye polepole, kama gari lililotoka kuungwa waya, unaliendesha huku unasikiliza.

Siku hizi nina balbu yangu ya wati 5 inaning'inia kwenye msumari juu ya meza ya kazi, na nyaya zake mbili. Dogo tuliyempata juzi kujifunza kazi alidhani ni pambo. Wiki iliyopita alikuja mbio, mita mkononi, uso unang'aa: "Bro, umeme upo! Volti 12 na nusu!" Gari lilikuwa la mwalimu mmoja wa Chanji, taa ya njano inawaka, na mwenyewe alikuwa ameshatoa simu mfukoni aagize sensa.

Nilimwomba mwalimu aiweke simu kwanza. Nikaitungua ile balbu, nikampa dogo.

"Upe kazi," nikamwambia.